Mzee Langoni na Kibati Namba 317

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi wote mliowahi kupita mbele ya dirisha la baba yetu asubuhi na jioni, mimi ni binti yake wa pili. Niliishia darasa la saba, kwa hiyo mtanivumilia. Haya nimeyaandika kama alivyoniagiza mwenyewe. Kuna sehemu aliniambia nisiiruke hata sauti ikinikatika. Inamhusu mtu mwingine aliyezikwa kwenye makaburi haya haya mwaka 1983, mpanga matofali tuliyemwita Mrefu, ambaye jina lake mji huu uliliharibu. Nitaifikia mahali pake.

Baba alizaliwa tarehe 2 Februari 1948 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba cha kumi na moja, mtoto wa nne kati ya saba. Babu alikuwa mbadili njia za treni. Bibi alifua mashuka ya nyumba ya wageni ya stesheni. Wakati huo hapa palikuwa na stesheni, maduka mawili na shimo la udongo mwekundu. Tanuri la kwanza lilijengwa mwaka 1953, na ndipo watu wakaanza kushuka kwenye treni na masanduku ya mbao vichwani. Baba alipenda kusema kwamba mji huu ni mdogo wake, amempita miaka mitano tu, na ndiyo maana haumheshimu.

Alisoma shule ya msingi ya reli hadi mwaka 1962. Hesabu alizipenda, ila za dirishani zaidi kuliko za ubaoni. Siku moja mwalimu alimsimamisha amuulize nane mara tisa ni ngapi. Akajibu, "Mabehewa sabini na mawili, mwalimu, lakini leo yamepita sitini tu." Alichapwa, kisha akapewa kazi ya kuita majina ya darasa kila asubuhi. Mwaka huo wa 1962 babu alifariki, na shule ikaishia hapo.

Tarehe 1 Agosti 1966 aliajiriwa kiwandani kusukuma toroli. Alibeba udongo, akabeba matofali mabichi, akabeba yaliyoiva, mpaka Mei 1974 toroli lilipopinduka na kumponda mguu wa kushoto. Tangu hapo alichechemea. Meneja wa wakati huo alimweka kwenye kibanda cha lango, na hapo alikaa miaka thelathini na minne. Jina la kuzaliwa likasahaulika. Akawa Mzee Langoni akiwa na miaka ishirini na sita.

Kwa vijana ambao hamkuwahi kukiona kibanda kile, kilikuwa na dirisha moja, kiti kimoja, na ubao mkubwa wa misumari. Kila mfanyakazi alikuwa na kibati chake, kiduara cha shaba chenye tundu juu na namba iliyogongwa kwa nyundo. Asubuhi baba alikitungua na kumkabidhi mwenyewe. Jioni mwenyewe alikirudisha, baba akakitundika. Msumari mtupu maana yake mtu bado yuko ndani. Msumari wenye kibati, mtu ametoka, aulizwe kwao.

Kwa ubao ule baba aliujua mji huu kuliko ofisi yoyote. Mwaka 1974 vibati vilikuwa mia sita na kumi na viwili, vyote vya wanaume, na wengi wao hawajafika miaka thelathini. Alijua wangapi walitoka milimani, wangapi walivuka mpaka, wangapi walikuwa na wake huko kwao na wangapi waliapa kuwa hawana. Mwaka 1979 wanawake arobaini wa kwanza waliajiriwa kwenye banda la kukaushia. Baba akawapigia misumari mstari wa chini, peke yao. Mmoja wao akachungulia dirishani, akasema, "Kwani sisi kuku, mzee, tulale chini ya wengine?" Kesho yake asubuhi walikuta misumari yote imehamishwa, wanawake na wanaume wamechanganywa kwa namba.

Tarehe 12 Desemba 1970 alifunga ndoa na mama yetu, fundi cherehani wa makoti ya kazi. Chumba cha mama kilitazamana na lango la kiwanda. Baba, enzi hizo bado yuko kwenye toroli, alichana koti lake mara tatu kwa mwezi mmoja. Mara ya nne mama akamwambia, "Kaka, koti hili halina tena pa kushona. Sema unachotaka." Walijaliwa watoto watano. Waliishi pamoja karibu miaka hamsini na mitatu, na mama anasema ugomvi wao mkubwa ulikuwa kuhusu dirisha, kwa sababu baba hakutaka lifungwe hata mvua ikiingia.

Wengi wenu mtamkumbuka kwa neno moja. Kila aliyetoka alimwambia, "Nimekuona, pita." Bila kuonwa, hupiti. Kofia uvue, mwavuli ushushe, vumbi la tofali ufute.

"Mzee Langoni, uso ni ule ule wa asubuhi!"

"Asubuhi ulikuwa umenawa. Huyu wa sasa simjui. Futa."

"Hata mke wangu haniangalii hivi."

"Basi shukuru kuna mtu anayekuangalia."

Foleni ilikuwa ndefu na watu walimtukana kwa mapenzi na bila mapenzi. Meneja mpya alipokuja mwaka 1988 alipita na gari vioo vimefungwa. Baba hakufungua lango mpaka kioo kiliposhushwa. Alimtazama, akasema, "Nimekuona, bwana mkubwa, pita." Wafanyakazi walicheka wiki nzima. Meneja naye akazoea, akawa anashusha kioo tangu kwenye kona.

Mwaka 1991 kijana mmoja wa tanuri la pili alileta vibati viwili, chake na cha mwenzake. Baba akakikataa cha pili. Kijana akalalamika, "Anakuja, mzee, anafunga viatu tu." Baba akatoka kibandani na mguu wake ule, akasimama katikati ya lango, hakuna wa kupita. Waliporudi ndani walimkuta mwenzake amezimia kwa moshi nyuma ya tanuri. Mtu huyo yuko hapa leo na ana wajukuu watatu. Asimame au asisimame, ni hiari yake, baba hakupenda kusifiwa kwa jambo hilo. Alipopongezwa aliondoka mezani.

Hata nyumbani ilikuwa hivyo. Hatukutoka kwenda shule kabla hajatutazama mmoja mmoja. Siku ya harusi yangu alisimama kwenye mlango wa ukumbi na wageni wote walipita kwake. Mimi mwenyewe nimeishika tabia hiyo. Wanangu wananicheka, wananiita Langoni Mdogo, lakini hakuna anayetoka mlangoni kwangu bila kugeuka nimwone.

Miaka ikaenda na mji ukabadilika, na baba aliyaona yote kwenye misumari. Tanuri la pili lilizimwa mwaka 1996. Mwaka 2005 zililetwa kadi za mashine na vibati vikauzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Alipostaafu tarehe 29 Februari 2008 walibaki wafanyakazi mia moja arobaini na watatu, na zaidi ya nusu walikuwa wamepita miaka hamsini. Darasa langu la kwanza tulikuwa sitini na wawili. Mwanangu wa mwisho amesoma na wenzake kumi na wanane. Siku hizi mitaani kwetu ukibisha hodi anafungua bibi au mtoto mdogo, wa katikati wako miji mingine. Baba alisema zamani msumari mtupu ulikuwa na maana kwamba mtu yuko ndani, na sasa una maana kwamba ameenda mbali.

Kifua kilianza kumsumbua mwaka 2015, kama vifua vya wengi waliopumua vumbi lile. Tangu 2021 alitumia mashine ya hewa. Tarehe 9 Julai mwaka huu aliniita chumbani.

"Funga mlango, mama," akaniambia, kama alivyoniita siku zote. "Kashushe ile saa ya ukutani."

Nyuma ya saa kulikuwa na kibati kimefungwa kwa uzi kwenye msumari. Namba 317. Tuliwahi kukiona tukiwa wadogo tukadhani ni kumbukumbu tu ya kazi. Ndipo akaniambia aliyoniagiza niyasome leo. Naandika maneno yake kama nilivyoyasikia.

"Ilikuwa Alhamisi, tarehe 14 Aprili 1983. Mvua imeshika, king'ora cha saa kumi kimelia, watu zaidi ya mia tano wanakimbilia lango moja. Akaja msukuma toroli, rafiki yake Mrefu, ana vibati vinne kiganjani. Akasema, chukua mzee, wenyewe wako nyuma yangu. Watu walikuwa wanafanya hivyo mvua ikinyesha, kurudishiana, na mimi niliwaachia. Nikavitundika vinne kwa mpigo. Sikuinua kichwa, mama. Watatu walikuwa nyuma yake kweli. Mrefu hakuwepo."

Mrefu alikuwa amerudi banda la kukaushia kuchukua koti lake, ambalo mama yetu alikuwa amelitia kiraka wiki ile. Paa lilivuja, rundo la matofali mabichi likalowa na kumwangukia.

Saa kumi na mbili na nusu jioni mkewe alikuja langoni, amejifunika mfuko wa saruji kichwani kwa ajili ya mvua, akauliza mumewe yuko wapi. Baba hakuinuka kitini. Alionyesha ubao kwa kidole, akamwambia, "Kibati chake hicho hapo, dada. Mumeo katoka." Yule mama akaenda kumtafuta nyumba kwa nyumba. Zamu ya asubuhi ilimkuta Mrefu Ijumaa saa kumi na mbili. Daktari alisema huenda aliishi saa kadhaa pale chini.

Wenye umri wangu na zaidi mnakumbuka kilichosemwa baada ya hapo. Mrefu alikuwa anajenga vyumba viwili mwisho wa mtaa. Kibati chake kilikuwa msumarini, kwa hiyo ofisi ikaandika kwamba alitoka, kisha akarudi kwa siri kupitia tundu la ua ili aibe matofali. Msukuma toroli alipanda treni wiki ile ile na hakuonekana tena. Aliyebaki akiujua ukweli ni baba peke yake.

"Ningesema, ningefukuzwa," aliniambia. "Nilikuwa na watoto wanne na mguu mmoja mzima. Nikajiambia nitasema mwezi ujao. Mwezi ujao ukawa mwaka, na mwaka ukawa huu."

Binti wa Mrefu nilikaa naye dawati moja darasa la tatu. Nilimwita binti wa mwizi, mbele ya wenzangu, wakati wa mapumziko, na si mara moja. Aliomba ahamishwe dawati. Na hilo nalo limo humu, kwa sababu nisingeweza kusoma la baba nikaliruka langu.

Baba alitaka yasomwe siku ya kumzika. Kaka yangu mkubwa alipinga. "Dada, kweli utamvua nguo baba yetu mbele ya kaburi?" Nilimjibu kwamba aliyenituma ndiye mwenye nguo. Lakini mimi pia nilikuwa na neno, na nilimwambia baba mwenyewe. Nilimwambia hawezi kumwachia mke wa Mrefu ayasikie makaburini katikati ya umati, naye mwenyewe akiwa ndani ya sanduku. "Itakuwa umemtundika tena bila kumtazama," nikasema. Sijawahi kusema na baba yangu hivyo kabla ya siku ile. Aligeuka akatazama dirishani. Kisha akasema, "Kamwite."

Nilikwenda kumwita. Yule mama alikuja Jumapili, tarehe 6 Agosti, pamoja na binti yake, ambaye siku hizi ni mwalimu na amewafundisha wanangu wawili. Baba alivua kile kifuniko cha hewa usoni ingawa tulimkataza.

"Dada, mumeo hakutoka siku ile. Nilikudanganya."

Yule mama akainama amtazame usoni. "Ulinidanganya, au hukujua?"

"Jioni ile sikujua. Asubuhi yake nilijua. Tangu asubuhi ile nimekudanganya."

"Miaka arobaini tunakutana sokoni, unaniambia 'nimekuona, dada.'"

"Ndiyo."

"Ulikuwa unaniona kweli?"

"Nilikuwa nakuona. Ndiyo maana sikuweza kusema zaidi ya hapo."

Mama yetu alikuwa amekaa kitandani na uzi wake wa kushonea. Akasema, bila kumwambia mtu yeyote, "Nimelala naye miaka hamsini nikidhani ni mwanamume mkimya tu."

Baba akampa kibati. Yule mama akakipima mkononi, akakigeuza, akasema, "Kumbe chepesi hivi." Akakifunga kwenye ncha ya kitambaa chake. Kisha akasema maneno ambayo ameniruhusu kuyasoma: "Leo sikusamehe. Nitaangalia. Lakini liandikwe, lisomwe kwa sauti, na mimi nitakaa mbele." Baba akatia sahihi karatasi mbili zenye maelezo yote, moja ya kwake yule mama, moja ya ofisi ya kiwanda.

Mlangoni nilianza kumwomba radhi binti yake. Akanikatiza, "Ulikuwa na miaka tisa. Siku hiyo soma vizuri tu, usimung'unye maneno."

Basi nasoma, na simung'unyi. Mpanga matofali aliyeitwa Mrefu, mwenye kibati namba 317, hakutoka kiwandani tarehe 14 Aprili 1983. Hakupita kwenye tundu la ua. Hakuiba tofali hata moja. Alirudi kuchukua koti lake, akafia kazini. Vyumba vile viwili alivijenga kwa matofali aliyoyanunua. Baba yetu ndiye aliyetundika kibati chake bila kumwona, akamwonyesha mkewe ubao badala ya kwenda kumtafuta, na akanyamaza. Sisi tuliosema vinginevyo kwa miaka arobaini, barabarani, shuleni, kwenye foleni ya maji, tuache leo.

Kuna watakaosema sasa kwamba hawamjui tena Mzee Langoni. Mimi nilifikiri hivyo kwa siku tatu. Kisha nikahesabu. Kuanzia Ijumaa ile ya 1983 hadi vibati vilipoondolewa ni miaka ishirini na miwili, asubuhi na jioni, mamia ya nyuso kila siku, na hakutundika tena kibati hata kimoja bila kumwona mwenyewe. Tulimcheka kwa ukali wake, kumbe alikuwa anamtafuta mtu mmoja. Hakumpata, lakini katika kumtafuta aliwarudisha wengi nyumbani kwao. Kosa lake lilikuwa kubwa na kimya chake kilikuwa kikubwa zaidi, na bado sijaona mtu aliyefanya kazi yake vizuri kama yeye. Yote mawili ni yake. Mwishoni alishusha kioo mwenyewe.

Baba alifariki Jumatano, tarehe 6 Septemba 2023, saa nne na dakika ishirini asubuhi, nyumbani, kwenye kiti cha dirishani, akiwa na miaka sabini na mitano. Asubuhi ile wajukuu walipokwenda shule alikuwa amesinzia. Alipoamka aliniuliza, "Wametoka wote?" Nikamwambia wametoka. "Umewaona mmoja mmoja?" Nikamwambia, "Nimewaona, baba." Akatikisa kichwa kwamba ni sawa, akarudi kulala.

Ameacha mjane, watoto watano, wawili wapo hapa mjini na watatu wako miji mingine, wajukuu kumi na wanne na kitukuu mmoja wa miezi miwili ambaye baba alimwona kwenye picha tu na akalalamika kwamba picha haitoshi. Ameacha pia dada yake mdogo, ambaye ndiye pekee bado anamwita kwa jina la kuzaliwa.

Familia ina ombi moja. Mtakapopita mbele ya jeneza, mtu asitoe heshima kwa niaba ya mwenzake. Asiyeweza kutembea tutamsogeza. Kila mmoja apite mwenyewe, kofia mkononi, uso wazi, kama mlivyopita langoni. Mke wa Mrefu ameomba apite wa kwanza. Hajatuambia atasema nini wala kama atasema, na sisi hatukumuuliza.

Baba, leo kazi ya dirishani ni yetu. Umesimama na umevua kofia. Tumekuona. Pita kwa amani.